Waliozamishwa Bila Kuomba

Subilaga alitoka kiwandani na shuka jeupe mkononi, na kabla hajaufikia mzani wa kupimia chai askari walimpiga risasi ya shingo.

Waliokuwa madirishani walimwona akipiga magoti taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha, kisha akalala kifudifudi kwenye changarawe. Shuka likamfunika mabega. Mumewe, Ambakisye, fundi mitambo wa jumuiya, alikimbilia mlangoni, wanaume wakamrukia na kumbana sakafuni. Hakupiga kelele. Alikuwa akihema tu, jicho moja limegandamizwa kwenye saruji, jingine likitazama mwanya chini ya mlango.

Sauti ikatoka kwenye kipaza sauti juu ya lori.

"Mimi ni Kapteni Nzowa wa Kikosi cha Usafi. Namtaka Daktari Atupele Mwakibinga, na nataka mitungi yake yote ya umande. Nikipata hivyo, wengine mtarudi makwenu."

Subilaga alikuwa ametoka kwenda kumwambia kwamba wanajisalimisha.

Daktari Atupele mwenyewe aliyaona yote akiwa juu, kwenye chumba ambacho zamani wataalamu walionjea chai. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, nywele zimeanza kuingia mvi, na mikono yake ilinuka uyoga hata alipoiosha kwa sabuni ya magadi. Chini yake, katika kiwanda kile kilichotelekezwa kwenye miteremko ya Rungwe, walikuwamo mamia ya watu: wake kwa waume, wazee, watoto wachanga, wapiga ngoma, walimu waliofukuzwa kazi, vijana wenye nywele ndefu na mashati yaliyopakwa rangi za kila aina. Nje, nyuki wa chuma wa Kikosi, vindege visivyo na rubani, walizunguka paa wakitafuta joto la miili. Kila mtu aliyesimama mahali pamoja kwa muda mrefu karibu na dirisha alipigwa.

Alijua kwa nini Kapteni Nzowa hakamati watu. Mwaka uliotangulia, kule bondeni, askari waliotumwa kuwakamata watu wa umande, wanywaji wa dawa iliyoitwa hivyo, walikaa nao kambini wakisubiri magari. Wakasikiliza nyimbo. Wakauliza maswali. Wengine wakaomba kunywa, wakanyweshwa, na kesho yake wakavua magwanda wakayaacha yamekunjwa barabarani. Serikali ya Shirikisho haikusahau. Kikosi cha Usafi kiliundwa baada ya hapo, na amri yake ya kwanza ilikuwa kutozungumza na wanywaji. Maiti haimshawishi askari.

Chini mtoto akalia, mama yake akamziba mdomo. Nyuki mmoja akapasua kioo, akaingia, akazunguka juu ya vichwa vya watu kwa mlio mwembamba, kisha akatua kwenye kifua cha mzee aliyekuwa amekaa kwenye gunia. Mlipuko ulikuwa mdogo. Mzee alibaki amekaa vilevile, ila kifua hakikuwapo.

Atupele akachukua ufunguo wa boila.

*

Umande ulitokana na ukungu unaoota kwenye mianzi iliyooza, juu kabisa mlimani, mahali ambapo mawingu hayaondoki. Waganga wa huko waliutumia tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, kwa wafiwa waliokataa kula. Atupele aliupeleka hospitali akiwa bado daktari kijana. Ilikuwa wakati wa vita vya mpakani, na wodi zilijaa wanajeshi ambao miili yao ilikuwa mizima lakini hawakuweza kulala wala kushika watoto wao. Aliwanywesha mmoja mmoja, akakaa nao, akawashika mkono. Walilia, walitapika, walizungumza na marafiki zao waliokufa. Wengi walipona. Tatizo ni kwamba waliopona walikataa kurudi vitani.

Alikuwa amesoma historia ya dawa za namna hii, kwa hiyo alijua kinachofuata. Karne iliyopita, ng'ambo, mambo yalikwenda kwa mtiririko huohuo: kwanza waganga, kisha madaktari, kisha majasusi waliowatilia watu wasiojua kwenye vinywaji waone akili inavyovunjika, kisha vijana na magitaa yao, kisha magereza. Alidhani kujua kungemsaidia. Haikusaidia. Wodi yake ilifungwa, jeshi likachukua mitungi, na umande ukapigwa marufuku kwa kila mtu isipokuwa jeshi lenyewe. Wakatengeneza taa ya macho, kwa sababu umande huacha duara la buluu kuzunguka mboni kwa majuma mengi. Kwenye kila kizuizi cha barabarani unafunguliwa kope na kumulikwa. Ukionekana na duara, unashushwa kwenye gari na hupandi tena.

Watu wa umande walikuwa na sheria moja tu iliyoandikwa, nayo ilikuwa imepakwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa ukumbi wa kunyaushia chai: HAZAMISHWI MTU ASIYEOMBA. Ukitaka kuzama, yaani kunywa umande, uliomba mbele ya watu, ukiwa na akili zako. Ulipewa msindikizaji, mtu ambaye hakunywa, akae nawe mpaka urudi. Sheria hiyo aliiweka Ipyana.

Na ni Ipyana aliyekuwa amesimama mbele ya mlango wa chumba cha boila Atupele alipofika akiwa amebeba kifuani pipa dogo la umande uliokolezwa.

Nchi nzima ilimjua Ipyana kwa gitaa, hata wale waliofungwa kwa kumsikiliza. Alikuwa mwembamba, sauti ya upole, kovu likipita katikati ya nyusi zake. Aliangalia pipa. Akaangalia bomba la mvuke linalotoka kwenye boila kwenda kwenye mafeni makubwa ya ukumbini, yale yaliyokuwa yakipuliza hewa yenye unyevu chini ya vitanda vya majani mabichi.

"Dada Atu. Usifanye hivyo."

"Hujui ninafanya nini."

"Najua. Sisi tulikunywa jana. Wao hawajanywa."

Alijua vizuri, maana Atupele ndiye aliyemfundisha. Umande ukishaingia kwenye ubongo, vile vipokeo vidogo vinavyoupokea hujificha kwa siku kadhaa. Aliyezama jana, leo hata akinywa ndoo haoni kitu. Jana ilikuwa siku ya jumuiya nzima kuzama. Hata wasindikizaji walipokezana, na wazazi walikuwa wamewalambisha wanao tone, kama ilivyo desturi yao. Mvuke ule ungewapita watu wote wa kiwandani kama moshi wa jikoni. Ungewashika askari tu, watakapoingia. Na askari hao hawakuwa na kinga: vinyago vyao vilikuwa vimebaki kwenye malori, kwa kuwa hawakuja kutupa moshi. Walikuja kuua.

"Hakuna atakayekufa kwa umande," Atupele alisema. "Watakaa chini. Watalia. Tutawanyang'anya silaha, tutaondoka."

"Umande unakupeleka ulipo, wewe mwenyewe unasema hivyo kila siku. Wao wapo wapi sasa hivi? Wapo katikati ya mauaji. Utawazamisha humo?"

"Wamejiweka wenyewe."

"Mimi nilitiliwa umande kwenye uji." Ipyana hakupandisha sauti. "Kambini, jeshini. Asubuhi. Nilikuwa na njaa, nikaomba niongezewe. Halafu wakatuvalisha spika za masikioni na sauti ikaanza kuniambia kuwa mwalimu mmoja, aliyefungwa kwenye kiti mbele yangu, ni nyoka. Dada Atu, nilimwona. Alikuwa nyoka. Nilimkata kama unavyokata nyoka, nikimkanyaga. Nilipoamka nywele zake zilikuwa mkononi mwangu. Miaka yote hii najiuliza kama ni mimi niliyemuua au ni wao, na hakuna mtu duniani anayeweza kunijibu. Hicho ndicho unachotaka kuwapa hawa."

"Mimi simwekei mtu sauti masikioni."

"Sauti zipo tayari. Hizo bunduki ni nini?"

Chini pakalipuka. Mlango wa mbele ulirushwa ndani mzima mzima, ukatua juu ya watu. Vilio vilipanda kupitia mbao za sakafu, kisha milio ya bunduki, mfululizo, bila haraka, kama mtu anayepigilia misumari.

"Nipishe," Atupele alisema.

"Kama tunakufa, tufe tukiwa sisi."

"Kuna watoto kule chini, Ipyana! Nao wafe wakiwa wao?"

Ipyana hakusogea. Alitandaza mikono yake kwenye fremu ya mlango. Atupele aliliweka pipa chini, akaokota spana ya mabomba iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akampiga nayo kichwani.

Alisikia mfupa. Ipyana alimtazama kwa mshangao wa mtu aliyeitwa jina ambalo si lake, akaanguka ubavu. Atupele akamruka, akaingia, akafungua kizibo cha tanki la mvuke, akamimina pipa lote, akafungua valvu. Mafeni yakaanza kunguruma.

*

Umande unapopita mapafuni hauchukui saa nzima kama ule wa kunywa. Lakini unachukua dakika kadhaa, na dakika zile Atupele aliziona zote.

Alishuka ngazi za chuma na kujibanza nyuma ya nguzo. Mvuke mweupe ulikuwa ukitoka chini ya vitanda vya kunyaushia, ukifika magotini, ukinuka udongo uliotoka kunyeshewa. Askari walitembea ndani yake kwa mstari, wakipiga chini ya kila kitanda. Mbele kabisa alikuwa Kapteni Nzowa, mtu mnene wa mabega, bastola mkononi. Kulia kwake alikuwa mwanamke mwenye cheo cha sajini. Jina lake, Robi, lilikuwa limeshonwa kwenye mfuko wa gwanda. Aliingiza bunduki chini ya kitanda, akapiga, akatoa, akasonga mbele. Msichana mmoja alichomoka mafichoni akakimbia. Robi alimpiga mgongoni, akamruka, akasonga mbele. Kijana mpiga ngoma aliinua mikono juu. Askari mwingine akamtwanga kitako cha bunduki mdomoni, kisha akampiga risasi alipokuwa akijaribu kutema meno.

Halafu mmoja wao akasimama.

Alikuwa akiangalia mkono wake mwenyewe. Aliugeuza, akaugeuza tena. Aliyekuwa nyuma yake akamgonga, akamtukana, kisha naye akanyamaza katikati ya tusi. Mstari ukavunjika. Bunduki moja ikaanguka, nyingine ikafuata. Askari mmoja akapiga magoti kando ya yule mpiga ngoma, akaanza kuokota meno yake sakafuni, moja moja, kwa uangalifu, akijaribu kuyarudisha mdomoni mwa maiti. "Samahani," alikuwa akisema. "Samahani, kaka, hili ni lako. Na hili ni lako."

Atupele akavuta pumzi. Kwa kitambo kidogo aliamini kwamba alikuwa sahihi.

Kisha Kapteni Nzowa akapiga ukelele. Hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa mtu wa kuogopa, na woga wake wote wa maisha ukaja siku moja. Alichokiona kwenye nyuso za askari wake hakuna aliyekijua. Alimpiga wa kwanza kwenye jicho. Akampiga wa pili tumboni, akamfuata alipokuwa akitambaa, akammalizia. "Vueni!" alikuwa akipiga kelele. "Vueni hizo sura!" Askari waliosikia risasi wakaokota silaha zao na kuanza kupiga huku na kule, wakipiga mvuke, wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja alifungua tanuri la kukaushia, lililokuwa limewashwa asubuhi kwa ajili ya mikate, akaingiza mikono yote miwili ndani ya makaa kana kwamba ananawa. Aliikaza humo mpaka harufu ikaenea. Hakulia. Alikuwa akitabasamu kwa unafuu.

Robi ndiye aliyemuua Kapteni. Alimwendea kutoka nyuma, akamwekea mdomo wa bunduki chini ya kofia ya chuma, akavuta. Kisha akakaa kwenye damu, akatupa bunduki mbali, akaanza kuongea na watu ambao hawakuwapo. Alikuwa akiwaita kwa walichokuwa nacho siku aliyowaua. Wewe mwenye ndala za kijani. Wewe wa ndoo. Wewe uliyesema subiri kidogo.

Milio ikapungua. Ikabaki ya kulia tu.

Na hapo watu wa umande wakaanza kutoka mafichoni, wakafanya kile walichojifunza kufanya. Mama mmoja wa jikoni, mwanamke mnene mwenye aproni, alitambaa mpaka kwa askari aliyekuwa akitetemeka, akakiweka kichwa chake mapajani. "Nipo," alimwambia, kama wasindikizaji wote wanavyosema. "Hapa ni hapa. Nipo nawe." Wengine wakamfuata. Walikuwa wakiruka maiti za ndugu zao kwenda kuwashika mikono waliowaua.

Si wote lakini. Atupele alisikia risasi moja, akadhani ni askari. Akageuka.

Alikuwa Ambakisye. Alikuwa ametoka nje, ambako nyuki wa chuma, sasa bila wa kuwaongoza, walikuwa wametua, akamfunga mkewe vizuri ndani ya lile shuka, akarudi. Sasa alitembea kando ya vitanda na bunduki aliyookota, na kila alipomkuta askari, aliyekaa, aliyelala, aliyekuwa akilia kwapani mwa mtu, alimpiga risasi ya kichwa. Yule aliyekuwa akirudisha meno alimpiga akiwa ameshika jino. Nyuma yake walikuwa wamejitokeza wengine, wanaume na wanawake, wakiokota silaha. Mmoja hakuwa na bunduki. Alikuwa na panga la kukatia kuni, na Atupele alimwona akilinyanyua juu ya askari ambaye alimtazama usoni na kumwita mama.

"Acheni!" Atupele alikimbia katikati yao. "Acheni, hawawezi kujitetea!"

"Subilaga aliweza?" Ambakisye aliuliza.

"Ambakisye, watazame. Hawajui hata wapo wapi."

"Najua hawajui. Wewe ndiye uliyewafunga mikono, Daktari." Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. "Ulidhani unawafunga ili iweje?"

Alimsukuma kando. Sajini Robi alikuwa amekaa mbele yake, viganja wazi juu ya magoti, bado akiwahesabia sifa wafu wake. Ambakisye akainua bunduki. Atupele akaona mtu akishuka ngazi za chuma, akishikilia ukuta, nusu ya uso imefunikwa damu. Ipyana hakusema neno. Alivuka sakafu kama mlevi, akafika, akamwangukia Robi kama mtu anayejitupa kitandani, akamfunika kwa mwili wake wote.

Risasi ilikuwa imeshatoka. Ilipita kwenye uti wa mgongo wa Ipyana, kati ya mabega.

Ambakisye alibaki akiangalia. Alijaribu kuondoa kidole kwenye kifyatulio, kikakataa, ikabidi akitoe kwa mkono mwingine. Kisha akaketi chini na kuanza kupiga paji lake la uso kwenye sakafu, tena na tena, mpaka watu wakamshika. Ukumbi mzima silaha zilishuka. Mtu mwenye panga aliliweka juu ya kitanda cha kunyaushia, taratibu, kama asingependa kumwamsha mtu.

*

Jua lilikuwa limeanza kushuka Robi aliporudi. Umande ulikuwa umemtoka, lakini macho yake yalikuwa na lile duara, buluu iliyokolea kama wino. Alikuwa ameegemea mzani wa kupimia chai. Watu walikuwa wakiwapanga wafu kwenye changarawe, magwanda na mashati ya rangi pamoja, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuwatenganisha.

Atupele alimletea maji. Robi hakuyapokea.

"Nani alinifungua?"

"Mimi."

"Uliniuliza?"

"Hapana."

Robi akatikisa kichwa polepole. "Niliowaua nilikuwa nimewaweka mahali. Kila mtu ana mahali pa kuwaweka. Sasa wote wametoka, na kila mmoja ananiangalia kama ninavyokuangalia wewe." Aligusa kope yake kwa kidole. "Na hii. Nikirudi kambini wataniwekea taa, watanipiga risasi kabla sijasalimia. Nina mama, nina mtoto anayeanza shule. Hilo uliliwaza?"

"Niliwaza watoto waliokuwa humu ndani."

"Najua. Nilikuwa nikipiga chini ya vitanda." Kisha akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Kikosi cha pili kipo njiani. Walipangwa kuja kusafisha baada yetu. Watafika kabla giza halijaingia."

Habari ikasambaa kwa sekunde chache. Watu wakaacha kubeba wafu, wakamzunguka Atupele. Majeruhi walikuwa wengi mno kuwakimbiza mlimani kwa muda ule. Na kila mtu alijua kuwa juu, kwenye chumba cha kuonjea, limebaki pipa moja.

"Wasubirini waingie, kama hawa," mama wa jikoni alisema. Aproni yake ilikuwa imekauka kwa damu ya askari aliyemlaza mapajani, ambaye Ambakisye alimpigia humohumo. "Daktari, safari hii tutakusanya silaha zote kwanza. Safari hii hatutamruhusu mtu."

"Na safari hii hakuna wa kukuzuia mlangoni," mwingine alisema. Hakuna aliyeinua macho.

Atupele alipanda ngazi. Alipolishusha pipa, waliokuwa mlangoni pa chumba cha boila walimpisha. Alipita, akatoka nje, akaenda mpaka kwenye mfereji wa maji machafu, akafungua kifuniko, akamimina. Umande ulitoka mzito, mwekundu kama majani ya chai yaliyochemshwa mara nyingi. Mtu akampigia kelele. Mtu akamshika nywele akamvuta nyuma, akaanguka, lakini hakuliachia pipa mpaka likatoka tone la mwisho. Wakampiga mateke. Alijikunja na kuwaacha wampige.

"Umetuua!" mama wa jikoni alikuwa akilia. "Umetuua mara mbili!"

"Basi," Robi alisema.

Alikuwa ameinuka. Alikwenda kwenye mwili wa Kapteni Nzowa, akamgeuza kwa mguu, akachomoa redio mkandani. Watu wakarudi nyuma, kwa sababu karibu na redio ilikuwapo bastola. Robi aliitazama bastola, akaiacha. Akabonyeza kitufe, akakohoa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kazini.

"Kituo, Kituo, hapa Sajini Robi. Kazi imekwisha. Narudia, imekwisha, hakuna aliyebaki. Mitungi imepasuka, hewa yote huku ni sumu, tumempoteza Kapteni na wengi wetu. Msilete mtu. Kikosi cha pili kirudi. Hata vinyago havisaidii, afande. Mpaka mvua inyeshe."

Redio ilikoroma kwa muda mrefu. Kisha sauti ya mwanamume ikauliza hali yake yeye mwenyewe.

"Nimevuta," Robi alisema. "Mwambieni mama yangu nilikufa na wenzangu." Akazima.

Hakuna aliyeshangilia. Walianza kuwanyanyua majeruhi, wakatengeneza machela kwa vitambaa vya vitanda vya chai, wakawapakia pia askari waliobaki hai, akiwamo yule aliyeunguza mikono tanurini. Ambakisye alikuwa amekwenda kwenye bustani nyuma ya kiwanda, akichimba. Alichimba makaburi mawili yanayofuatana, la Subilaga na la Ipyana, na hakumruhusu mtu kumpokea jembe.

Atupele aliinuka akishika mbavu. Alimkuta Robi akivua buti za Kikosi na kuzitupa mferejini. Hakutaka kumuuliza, lakini alijua kwamba asipomuuliza sasa hatapata nafasi nyingine.

"Umewaokoa watu wote hawa. Ni wewe uliyeamua, au ni umande?"

Robi alimaliza kuvua soksi. Alisimama pekupeku kwenye changarawe, akaangalia kule watu walikokuwa wakipandisha machela kuelekea kwenye msitu wa mianzi.

"Sijui," alisema. "Na sitajua kamwe. Hicho ndicho ulichonichukulia."

Akaenda kwenye machela ya mwisho, iliyokuwa imekosa mtu wa nne, akashika pembe yake, na akapanda nao mlima.